Kutoka Merriam hadi Nicodemus: kuzifuata shule za chumba kimoja za Kansas

Alhamisi, Merriam

Mwishoni mwa karne ya 19 jimbo la Kansas lilikuwa na wilaya za shule zaidi ya 9,000. Msomaji wa kwetu asifikirie wilaya zenye mkuu wa wilaya na gari la bendera. Hapa wilaya ya shule ilikuwa eneo ambalo mtoto anaweza kulivuka kwa miguu asubuhi na kurudi jioni. Ndani yake kulikuwa na shule moja, mara nyingi ya chumba kimoja, mwalimu mmoja, na kamati ya watu watatu waliochaguliwa na majirani zao. Kila wilaya ilipewa namba kwa kufuata zamu yake ya kuundwa katika kaunti. Hizo namba ndizo nilizokuja kuzifuata.

Nimefundisha shule za msingi mkoani Singida tangu enzi za UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mpaka nilipostaafu. Kituo changu cha mwisho kilikuwa shule shikizi, ile ambayo wanakitongoji wanajenga maboma wenyewe kwa sababu shule mama iko mbali na watoto wadogo wanashindwa kutembea. Kwa hiyo binti wa kaka yangu, anayefanya kazi Kansas City, aliponiuliza nataka kuona nini Marekani, jibu nilikuwa nalo tayari. Amechukua likizo, na gari analiendesha yeye.

Tumeanzia Merriam, mtaa wa South Park, dakika chache tu kutoka kwake. Palikuwa shamba, sasa pamemezwa na jiji. Hii ilikuwa Wilaya Namba 90 ya kaunti ya Johnson, na ina kisa kikubwa kuliko eneo lake. Watoto weusi walisoma Walker, shule ya vyumba viwili iliyojengwa 1888. Walimu wawili waligawana madarasa manane, na choo cha ndani hakikuwapo. Mwaka 1947 wilaya ikamaliza kujenga shule mpya kwa takribani dola 90,000, fedha zilizotokana na kodi za wakazi wote, weusi kwa weupe. Milango ikafunguliwa kwa watoto weupe peke yao.

Wazazi wa Walker wakagoma. Mwalimu Corinthian Nutter akaacha kazi yake ya mshahara, akawafundisha watoto wa mgomo majumbani mwa watu. Mama mmoja mweupe wa jirani, Esther Brown, akazunguka huku na huko kuchangisha fedha za kesi. Mwaka 1949 Mahakama ya Juu ya Kansas ikaamua kesi ya Webb dhidi ya Wilaya ya Shule Namba 90, na wazazi wakashinda. Sheria ya Kansas ya mwaka 1879 iliruhusu kutenga watoto kwa rangi katika shule za msingi za miji ya daraja la kwanza tu, yaani ile mikubwa. Wilaya ya shule ya kijijini haikuwa na ruhusa hiyo. Mahakama hiyohiyo ilikwisha kuubana mji wa Ottawa, hukuhuku Kansas, kwa hoja ya namna hiyo tangu 1881, katika kesi ya Tinnon.

Hilo limenishangaza kuliko yote niliyosoma kabla ya safari. Vile vishule vidogo vya porini, ambavyo watu wa mjini waliviona vya kimaskini, vilikuwa upande mzuri wa sheria kuliko shule za ghorofa.

Ijumaa, Topeka na Emporia

Topeka hatukukaa sana. Monroe ni jengo la matofali la mwaka 1926, mojawapo ya shule nne za msingi zilizotengewa watoto weusi mjini humo, na leo ni hifadhi ya kihistoria ya taifa. Linda Brown alipelekwa kusoma hapo ilhali shule ya Sumner ilikuwa karibu zaidi na kwao. Baba yake, Oliver Brown, na wazazi wenzake wakaenda mahakamani, na tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatamka kuwa kutenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Habari hii inajulikana dunia nzima. Nilisimama mbele ya kielelezo cha sheria ile ya 1879 nikakumbuka ya jana: Topeka ilikuwa mji wa daraja la kwanza, Merriam haikuwa. Ndiyo maana kesi ya Merriam iliishia Kansas na ya Topeka ikafika Washington.

Mchana tukateremka kusini hadi Emporia. Chuo cha kwanza cha ualimu cha Kansas kilifungua masomo hapa Februari 1865, kikiwa na wanafunzi 18 na mwalimu mmoja, Lyman Kellogg. Hakikuwa na jengo. Kilikaa ghorofa ya juu ya shule ya wilaya ya mji, na watoto wanasoma chini. Wahitimu wake wa kwanza, mwaka 1867, walikuwa wawili, wote wanawake.

Wengi waliofundisha shule za chumba kimoja, hata hivyo, hawakupita chuoni. Msichana wa miaka 16 au 17 aliyemaliza masomo ya shule yake ya kijijini alikwenda kufanya mtihani kwa msimamizi wa elimu wa kaunti, akapewa cheti cha daraja la tatu, la pili au la kwanza kulingana na alama zake, kisha akaanza kutafuta wilaya ya kumwajiri. Wakati wa kiangazi alihudhuria semina za walimu ili apande daraja. Mimi nilipewa chaki nikiwa msichana wa darasa la saba, mwaka ambao nchi yetu ilitaka kila mtoto aingie shule na walimu hawakutosha. Nilifundisha mchana, nikasoma masomo ya ualimu jioni. Watu walitucheka sana, walimu wa UPE. Pale Emporia nilisoma habari za wale wasichana nikiwa nimesimama, na sikutaka kuketi.

Jumamosi, Strong City

Hapa ndipo nilipotaka kufika, na siku nzima tumekaa hapa.

Kaskazini kidogo ya Strong City kuna hifadhi ya nyasi ndefu iliyoanzishwa na serikali mwaka 1996. Vilima vimelala kimoja baada ya kingine, nyasi zimeanza kugeuka rangi ya kutu kwa sababu Septemba imeingia, na mti huuoni isipokuwa bondeni penye kijito. Juu ya kilima kimoja imesimama nyumba ndogo ya mawe ya chokaa, peke yake. Hiyo ndiyo Lower Fox Creek, shule ya Wilaya Namba 14 ya kaunti ya Chase, iliyojengwa 1882. Kiwanja kilitolewa na Stephen F. Jones, mfugaji tajiri ambaye nyumba yake kubwa na zizi la ghorofa tatu, vyote vya mawe yaleyale, vinaonekana ukiwa mlangoni.

Tumepanda kwa miguu. Upepo hapo haupumziki. Binti yangu, kijana wa ofisini, aliniuliza njiani, "Shangazi, hivi mtoto wa miaka sita alipandaje hapa na theluji?" Alipanda kwa sababu hapakuwa na namna nyingine.

Mzee wa kujitolea alikuwa amefungua mlango. Ndani ni chumba kimoja, madirisha marefu ubavuni, madawati ya mbao yenye miguu ya chuma yaliyopangwa madogo mbele na makubwa nyuma, jiko la chuma, meza ya mwalimu. Nilipitisha kidole kwenye fremu ya dirisha kupima unene wa ukuta: kiganja kizima kiliingia na mkono ukaendelea. Kuta kama hizo zinatunza baridi wakati wa joto, lakini Januari jiko moja linawapasha watoto wa mbele migongo na wa nyuma wanatetemeka. Kuwasha jiko ilikuwa kazi ya mwalimu, sawa na kufagia na kuangalia maji ya ndoo.

Nilijiketisha kwenye dawati la nyuma, nikalipanga somo kichwani, maana mazoea hayastaafu. Madarasa manane, mwalimu mmoja. Kundi moja linaitwa mbele kwenye benchi, linasoma kwa sauti au linajibu maswali dakika kumi. Wengine wanafanya hesabu kwenye vibao vyao, na mkubwa mmoja anamwelekeza mdogo herufi. Kisha kundi la pili. Mtoto wa darasa la pili anasikia la tano likisomewa, na mwenye akili nyepesi anakuwa ameshalishika somo kabla ya kulifikia. Nimeliona hilo kwa macho yangu shule shikizi, nilipokuwa na madarasa matatu mbele yangu kwa saa moja. Wakaguzi walikuwa wanahuzunika kuona hivyo. Mimi nilikuwa naona watoto wanaoiba masomo ya wakubwa zao, na huo ni wizi ninaoupenda.

Shule hii haikuwahi kuwa na watoto wengi. Kuna mwaka alisoma mtoto mmoja tu, na idadi kubwa kabisa ilikuwa 19. Walimu walibadilika karibu kila mwaka. Mwaka 1930 ikafungwa, watoto wakaanza kusoma Strong City, na jengo likageuzwa stoo ya nyasi mpaka vikundi vya wapenda bustani vilipolikarabati miongo kadhaa baadaye.

Nilimuuliza mzee swali ambalo nimekuja nalo kutoka nyumbani: wilaya inazaliwaje? Si jengo, wilaya.

Alinieleza kwa utaratibu, na mengi yalilingana na niliyokuwa nimesoma. Wakazi wanamwomba msimamizi wa elimu wa kaunti awachoree mipaka na kuwapa namba. Kisha wanaitana mkutano, mara nyingi nyumbani kwa mtu, wanachagua watu watatu: mwenyekiti, karani na mweka hazina. Mkutano mkuu wa kila mwaka ndio unaoamua kila kitu. Kodi itakuwa kiasi gani kwa kila dola ya mali. Shule ijengwe wapi. Mwaka huu tusome miezi mingapi. Nani atauza kuni au makaa ya mawe. Wilaya ikitaka jengo la heshima kama hili, inapiga kura kukopa kwa hati fungani, na wakazi wanalilipa deni kwa miaka.

Karani ndiye niliyempenda. Yeye aliandika mihtasari, aliweka mikataba ya walimu, na kila mwaka aliwahesabu vijana wote wa wilaya wenye umri kati ya miaka 5 na 21, kwa kuwa fedha za jimbo ziligawiwa kwa hesabu hiyo. Asipoandika, wilaya inakosa fedha. Mwanahistoria wa leo akitaka kujua shule fulani ilikuwa na meza ngapi, mwalimu alilipwa nini, ugomvi ulikuwa juu ya nini, anakwenda kulitafuta daftari la karani, ambaye pengine alikuwa mkulima mwenye mikono ya sugu na maandishi ya kujikongoja.

Fedha za jimbo zilitoka wapi? Zilitoka ardhini. Kabla mlowezi hajagusa jembe, wapima ardhi wa serikali walikwisha kuikata nchi miraba ya maili 6 kwa 6, na kila mraba wakaugawa vipande 36 vya ekari 640. Tangu sheria ya ardhi ya 1785, kipande namba 16 kilitengwa kwa ajili ya shule. Kansas ilipoingia kwenye Muungano wa Marekani tarehe 29 Januari 1861 ilipewa na namba 36 pia. Vipande hivyo viliuzwa, na fedha zikawekwa katika mfuko wa kudumu wa shule. Katiba ya jimbo, iliyoandikwa Wyandotte mwaka 1859, iliweka sharti: wilaya isiyoendesha shule angalau miezi mitatu kwa mwaka haipati kitu.

Katiba hiyo ina kifungu kingine ambacho binti yangu alinitaka nikirudie mara mbili. Katika kuunda na kuendesha shule, bunge la jimbo lisiweke tofauti kati ya haki za wanaume na za wanawake. Nyuma ya kifungu hicho alikuwapo Clarina Nichols, mtetezi wa haki za wanawake. Hakuwa mjumbe wa mkutano wa katiba, hakuruhusiwa kupiga kura, lakini alikaa ukumbini siku baada ya siku akifuma soksi na kusikiliza, na wakati wa mapumziko aliwafuata wajumbe mmoja mmoja. Kwa hiyo tangu 1861 mwanamke wa Kansas alikuwa na kura katika mkutano wa wilaya ya shule. Kura ya kuchagua viongozi wote wa jimbo lake aliipata 1912. Kwa zaidi ya miaka 50, shule ya chumba kimoja kama hii ilikuwa mahali ambapo mkono wake ulihesabiwa.

Jumapili, Council Grove

Jana niliwasifia wapima ardhi na miraba yao. Leo nimesoma upande wa pili.

Tumepita barabara ya 177 kuelekea kaskazini hadi Council Grove, kwenye njia ya zamani ya biashara ya Santa Fe. Pale pana nyumba ya mawe ya ghorofa mbili iliyojengwa 1850 na 1851, kabla Kansas haijawa hata himaya rasmi ya Marekani. Ilikuwa shule ya misheni ya Wamethodisti kwa wavulana wa Wakaw, watu wa nchi hii, ambao jina la jimbo limetokana nao. Mwalimu alikuwa Thomas Huffaker. Wazazi wa Kikaw hawakuitaka. Waliowapeleka watoto walipeleka zaidi mayatima, na mwaka 1854 shule ikafungwa. Huffaker aliwafundisha hapohapo pia watoto wa walowezi weupe, mojawapo ya madarasa ya kwanza ya aina hiyo katika Kansas.

Mwaka 1873 Wakaw walihamishwa kwa lazima kupelekwa kusini, mahali ambapo leo ni Oklahoma. Lower Fox Creek ilijengwa miaka tisa baada ya hapo. Vipande namba 16 na 36 vilivyolipia shule za wilaya vilikatwa kutoka kwenye nchi ya watu ambao watoto wao hawakuwa tena kwenye daftari la karani yeyote. Kila kitu nilichokipenda jana bado nakipenda. Ila historia ya wilaya hizi ikianzia kwenye mkutano wa kwanza wa walowezi, imeanzia ukurasa wa katikati.

Jengo lilikuwa limefungwa, tukaliangalia kwa nje. Tumekula samaki wa kukaanga mjini, tukaondoka.

Jumatatu, njiani

Siku ya gari. Kutoka vilima hivi, Flint Hills, kwenda magharibi nyasi ndefu zinaisha, mvua inapungua, na miti ambayo ilikuwa michache inakuwa hadithi. Baada ya Salina nikaanza kuona nguzo za uzio zilizochongwa kwa mawe, moja moja, maili kwa maili. Wakulima wa kule walipokosa mbao walichimba mawe ya chokaa yaliyolala karibu na uso wa ardhi, wakayapasua yakawa nguzo. Hali hiyohiyo iliamua shule zijengwe kwa nini: mawe penye mawe, mbao reli ilikofika, na pasipo na chochote, udongo wenye mizizi ya nyasi uliokatwa kama matofali.

Kisha mashamba ya mtama! Mitama mifupi, inayolingana kimo, masuke mekundu hadi upeo wa macho. Nilimwambia binti yangu asimamishe gari. Kansas ndiyo jimbo linaloongoza kwa mtama Marekani, lakini wanalisha mifugo zaidi, ugali hawaujui. Nilichuma suke moja lililoinamia barabarani, nikalipukuchua kiganjani. Punje ni ndogo kuliko ya mtama wetu wa langalanga, ngumu, nyekundu.

Huku ndiko unakoona shule zilizoachwa. Kuna iliyobaki kuta, kuna iliyogeuzwa ghala, kuna mbili tatu zinazotumika kama ukumbi wa mikutano ya jirani. Magari na barabara nzuri vilianza kuziua, mashamba yakawa makubwa na familia chache, na sheria ya kuunganisha wilaya ya 1963 ikamaliza. Zile wilaya elfu tisa na zaidi leo hazifiki 300. Wengi wanalihuzunikia jambo hili. Mimi nimefundisha peke yangu bila maktaba, bila mwenzangu wa kumuuliza, na siwezi kumlaumu mzazi aliyetaka mtoto wake awe na mwalimu wa sayansi. Ninachokihuzunikia ni ule mkutano wa mwaka, uliokwenda pamoja na jengo.

Tumelala Stockton.

Jumanne, Nicodemus

Barabara ya 24, asubuhi, ukungu juu ya mto Solomon. Nicodemus haina geti wala bango kubwa. Majengo machache, mnara wa maji, wakazi ambao ukiwakusanya wanaenea katika darasa moja.

Mwaka 1877 hapa hapakuwa na hata hayo. Mji ulipangwa na W.R. Hill, mzungu mfanyabiashara wa ardhi, pamoja na Waafrika-Wamarekani sita, mwenyekiti wao W.H. Smith na katibu wao Z.T. Fletcher. Vipeperushi vyao vilifika Kentucky kwa watu waliokuwa huru kwa miaka 12 tu, na wakiona uhuru huo unaminywa kila mwaka. Septemba hiyo walifika zaidi ya 300 kwa mkupuo. Mwaka uliofuata akafika Willina Hickman na mumewe. Alisimulia baadaye kwamba aliuliza Nicodemus iko wapi, mbona siuoni. Akaonyeshwa moshi unaotoka ardhini. Watu walikuwa wanaishi kwenye mashimo waliyochimba ubavuni mwa vilima, kama Wairaqw wa Mbulu zamani walipojificha na wavamizi. Akaanza kulia.

Majira ya baridi ya kwanza waliyavuka kwa shida, na Waosage, wenyeji asilia wa Marekani, waliokuwa wakirudi kuwinda waliwagawia chakula. Watu wasio na ng'ombe wa kulimia, wasio na mbao, wenye majembe machache ya kupokezana. Na humohumo ardhini, mke wa Z.T. Fletcher akakusanya watoto nyumbani kwake akaanza kuwafundisha. Baada ya muda mfupi wakaunda wilaya ya shule. Ilikuwa ya kwanza kabisa katika kaunti ya Graham, kwa hiyo ikapewa Namba 1.

Nilisimama mbele ya jengo la shule nikaifikiria hiyo namba. Kaunti nzima, walowezi weupe waliokuja na mabehewa, fedha na ng'ombe, na waliotangulia kuketi, kuchagua watu watatu na kuomba wilaya ni watu waliotoka utumwani, wengi wao hawajui kusoma. Mahali walikotoka, mtumwa anayejua kusoma alionekana hatari kwa bwana wake. Hawakusubiri wawe na jengo. Walianza na kamati.

Nimekulia Manyoni, na Kilimatinde iko kwetu. Misafara ya Tabora kwenda Bagamoyo ilipita pale, na pembe na watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, miaka minne kabla ya Nicodemus, na watoto waliokombolewa majahazini waliwekwa kwenye shule za misheni, wavulana Kiungani, wasichana Mbweni. Walipewa shule na wengine, na wengi walifaidika nayo, wakawa walimu na mapadre. Wa Nicodemus walijiundia wenyewe, wakapiga kura wenyewe, wanawake wakiwemo, kwa kile kifungu cha Clarina Nichols. Tofauti hiyo nimetembea nayo siku nzima.

Mji ulikua haraka. Mwaka 1882 mmoja wa viongozi wake, E.P. McCabe, alichaguliwa kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima. Mwaka 1887 walijenga shule ya vyumba vinne. Mwaka huohuo walipiga kura ya hati fungani za dola 16,000 kuivuta reli ipite kwao. Reli haikuja. Mwaka 1888 ikalazwa kusini ya mto, maili chache tu, na maduka yakahama kuifuata.

Kwa hiyo shule ninayoitazama, ya chumba kimoja, ya mbao, si ile ya mwanzo. Ilijengwa 1918, mahali pa ile ya vyumba vinne. Kwingine kote nilikopita chumba kimoja ndicho kilichotangulia na vingi vikafuata. Hapa walianza shimoni, wakafika vyumba vinne, wakarudi kwenye kimoja, na hawakuacha kufundisha. Jengo ni moja kati ya matano yaliyomo katika hifadhi ya kihistoria iliyoundwa Novemba 1996, pamoja na makanisa mawili, iliyokuwa hoteli ya akina Fletcher, na ukumbi wa mji wa 1939 ambao ndio ofisi ya wageni.

Mhifadhi kijana aliniacha niulize kila nilichotaka. Alisema kila mwaka, mwishoni mwa Julai, wajukuu na vitukuu wanarudi kutoka majimbo ya mbali kwa sherehe ya ukombozi. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa shule ya kitongoji kutoka Tanzania, na nikamweleza shule shikizi ni nini, jinsi tunavyochangia mchanga, mawe na siku za kazi, jinsi mtu asiye na fedha anavyoleta maji. Akaita mwenzake aje asikie. Wakaniuliza: michango hiyo inaandikwa wapi?

Kwenye daftari la mwenyekiti wa kitongoji, nikasema. Daftari la kaunta, lenye jalada gumu. Limeandikwa nani alitoa tripu ya mchanga, nani alitoa jogoo likauzwa, nani alifyatua matofali mangapi. Lilikuwa juu ya kabati lake nilipostaafu, na paa lake linavuja.

Usiku huu, hapa Hill City, nimemtumia mwenyekiti ujumbe, na yeye huko ni asubuhi. Nimemwomba alipeleke shule mama lifungiwe kwenye kabati la chuma la mwalimu mkuu, na kabla ya hapo kijana mmoja mwenye simu nzuri alipige picha ukurasa kwa ukurasa. Amejibu: "Sawa mwalimu, ila kuna kurasa za mwanzo mchwa wameanza." Nimemwambia aanze na hizo, leo.